Gharama za gereji: Wenye magari wanalipia kubahatisha

KATIKA barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, ubovu wa gari hujulikana mapema zaidi mlima Kitonga kuliko mahali pengine popote. Gari lililopita Ruaha Mbuyuni likiwa na dosari ndogo ya maji ya injini husimama kabla ya kumaliza kona za mlima huo. Lile linaloshuka kutoka Ilula likiwa na shehena ya nyanya nalo hupimwa breki zake. Boneti iliyofunguliwa, jiwe nyuma ya tairi na utingo mwenye dumu la maji ni mambo ambayo wasafiri wa njia hiyo wameyazoea.

Wanachokiona wasafiri ni usumbufu. Kwa mwenye mzigo, ile ni hesabu inayobadilika kila saa inapopita. Tuseme mfanyabiashara amepakia matenga 80 ya nyanya. Kila tenga limemgharimu Sh 30,000 hadi kupakiwa, na anatarajia faida ya Sh 5,000 kwa kila moja, yaani Sh 400,000 kwa safari nzima. Gari likilala njiani siku mbili na matenga 20 yakaoza, amepoteza mtaji wa Sh 600,000. Matenga 60 yaliyobaki, hata yakiuzwa kwa bei ile ile, yatampa faida ya Sh 300,000 tu. Ameshapata hasara ya Sh 300,000 kabla hajamlipa fundi hata senti moja.

Kwa hiyo anapolalamikia bei ya gereji, mara nyingi analalamikia sehemu ndogo ya gharama. Hata hivyo sehemu hiyo nayo imekuwa ikipanda. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilivuka Sh 3,000 kwa lita na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Baada ya hapo shilingi ilishuka dhidi ya dola hadi kipindi kirefu cha mwaka 2024, ndipo ikaanza kupata nguvu tena mwishoni mwa mwaka huo. Vipuri karibu vyote vinatoka nje, hivyo dola inapopanda bei ya Kariakoo hupanda nayo. Dola inaposhuka, bei ya Kariakoo haina haraka ya kushuka.

Lipo pia suala la umri wa magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia magari yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania haikufuata njia hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu linapoingia. Uamuzi huo umewawezesha wakulima na wachuuzi wengi kumiliki pikapu, Noah au Canter, vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua vikiwa vipya. Lakini nafuu iliyopatikana bandarini hulipwa baadaye, kidogo kidogo, gereji. Hilo lenyewe si kosa, ilimradi mnunuzi aliliweka kwenye hesabu. Wengi hawaliweki.

Fundi analipwa kwa kazi gani?

Bei ya spea na uzee wa magari ni mambo ambayo mwenye gari hana uwezo nayo. Lipo moja ambalo analo mkononi, nalo pengine ndilo linalomla zaidi: spea zinazonunuliwa kabla tatizo halijajulikana.

Katika gereji nyingi za mitaani, fundi halipwi kwa kutafuta ubovu. Analipwa kwa kufunga kifaa. Mwenye gari akifika na kuambiwa kuwa kuangalia peke yake ni Sh 20,000, huona ameibiwa, kwani "ameangalia tu". Akiambiwa anunue altaneta ya Sh 200,000 na ufundi ni Sh 30,000, hulipa bila maneno mengi, kwa sababu ameona kitu kikifungwa. Matokeo yake fundi anayetumia saa mbili kutafuta waya uliokatika anakosa ujira, na yule anayebahatisha kwa dakika tano na kupeleka oda dukani anapata ufundi pamoja na asilimia yake kutoka kwa muuza spea. Katika mazingira kama hayo hakuna haja ya kumtuhumu fundi kuwa ni mwizi. Wateja wenyewe wamemfundisha kipi kinalipa.

Wakulima wa nyanya wanalijua jambo hili kutoka shambani. Kantangaze alipoingia, wengi walinyunyizia dawa moja baada ya nyingine bila kujua wanapambana na mdudu gani na anajificha sehemu gani ya jani. Fedha iliisha na mdudu akabaki. Gari linalobadilishwa spea tatu bila kupona liko katika hali hiyo hiyo.

Kwa mantiki hiyo, mwenye gari anayetaka kupunguza gharama aanze na kukubali kulipia uchunguzi kama kazi kamili yenye bei yake, iliyotengwa na bei ya matengenezo. Fundi akishalipwa kwa kutafuta, hana tena sababu ya kuharakisha kununua. Sambamba na hilo, mwenye gari mwenyewe ajue dalili chache, angalau za matatizo yanayojirudia.

Injini inapochemka

Tatizo linaloongoza kwa kubahatishwa ni injini kuchemka. Fundi wa haraka ataanza na mojawapo ya mambo mawili: ataitoa thamostati na kuitupa, au atatangaza kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua.

Thamostati ni mlango unaofunguka kwa joto. Injini ikiwa ya baridi, mlango hufungwa ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate joto haraka. Ikishapata joto, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta kupozwa. Imani kwamba kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi imeenea sana, na imeharibu injini nyingi. Katika injini nyingi thamostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa, na gari lenye mzigo linachemka mlimani licha ya kuwa limetolewa "kizuizi". Asubuhi na kwenye mteremko injini hiyo hiyo inabaki ya baridi kupita kiasi, inakula mafuta zaidi na kulika haraka.

Kuipima hakuhitaji gereji. Hutumbukizwa katika sufuria ya maji jikoni na kuchemshwa taratibu. Nyingi zimeandikwa namba, kwa mfano 82, yaani nyuzi joto zinazotakiwa ili ianze kufunguka. Maji yakichemka nayo haijajigusa, imekufa. Ikianza kufunguka kabla ya hapo, ni nzima na tatizo liko kwingine.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa mno, ingawa ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika mfumo huo. Mji wa Njombe uko takriban meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima hushikilia presha ndani na kupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Mpira wake ukichoka presha inatoka, na maji yanachemka wakati injini yenyewe haina joto la kutisha. Dereva wa Njombe au Makete ataona gari linachemka, na fundi wa bondeni akilijaribu ataliona zima. Kabla ya kufungua injini, abadilishe mfuniko.

Baada ya hapo yafuate yale yasiyo na gharama kubwa: kiwango cha maji na mahali yanapovujia, mkanda wa feni uliolegea, feni isiyovuta, na rejeta iliyozibwa kwa nje na matope au mbegu za majani, jambo la kawaida kwa gari linaloingia mashambani. Gasketi ya hedi ifikiriwe pale tu zinapoonekana dalili zake: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikinguruma, oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, au maji yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda huku moshi mweupe ukitoka hata injini ikiwa imeshapata joto. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, wala maji baridi yasimiminwe kwa pupa. Hedi iliyopasuka kwa namna hiyo ni gharama ambayo mwenye gari amejitengenezea kwa mkono wake.

Betri isiyo na hatia

Gari likigoma kuwaka asubuhi, betri ndiyo huhukumiwa kwanza. Wapo wanaonunua betri mpya, ikafanya kazi wiki moja, kisha ikafa, wakarudi dukani kumgombeza muuzaji kwa kuwauzia betri feki. Mita ndogo ya umeme, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya redio kwa bei ya lita chache za dizeli, ingemaliza ugomvi huo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Gari likiwashwa, usomaji upande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Usipopanda, chaji haifiki, na betri mpya itakufa kama ya zamani. Kwa Canter na Fuso zenye mfumo wa volti 24, namba hizo zizidishwe mara mbili.

Hata chaji isipofika, si lazima altaneta nzima itupwe. Mara nyingi ni kaboni zilizolika ndani yake, mkanda uliolegea, au kichwa cha betri kilichoota ukungu. Fundi umeme mzuri hubadilisha kaboni kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya altaneta.

Moshi nao husema. Mweusi una maana mafuta ni mengi kuliko hewa; kabla ya kupeleka pampu na nozeli kupimwa, kisafisha hewa kitazamwe, kwani barabara za vumbi hukiziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyodhani. Wa bluu ni oili inayoungua, na huo ni ugonjwa wa ndani.

Kuhusu mafuta yenyewe, utaratibu wa vinasaba ulioanza mwaka 2010 ulilenga kuzuia uchakachuaji, lakini hauna msaada kwa dizeli ya dumu inayouzwa kijijini ikiwa na maji chini. Anayelazimika kuinunua ajenge tabia ya kukagua na kumwaga maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara. Hilo ni jambo la dakika chache, na pampu iliyoharibiwa na maji inaweza kula faida ya msimu mzima.

Breki ni habari nyingine, maana hapo hakuna nafasi ya kujaribu. Pedali inayozama, harufu ya kuungua kwenye mteremko au gari linalovuta upande mmoja ni sababu za kusimama. Anayeshuka Kitonga na mzigo ashuke kwa gia nzito tangu juu, maana breki zilizopata moto hazirudi kwa kukanyagwa kwa nguvu zaidi.

Mashine ya kompyuta haimtaji mwizi

Magari ya miaka ya karibuni yameleta kubahatisha kwa aina mpya. Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, mashine inatoa namba, na spea inanunuliwa kwa kufuata namba. Hapo mwenye gari hudhani amepata uchunguzi wa kitaalamu. Ukweli ni kwamba namba ile hutaja dalili iliyoonwa na kompyuta, haitaji kifaa kilichokufa. Chukua P0171. Maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Gereji nyingi husoma hapo "sensa ya oksijeni" na kuagiza mpya, wakati kosa laweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, chujio la petroli lililoziba au sensa ya hewa yenye vumbi inayohitaji kusafishwa tu. Anayelipia mashine aulize swali moja: baada ya kusoma namba, fundi amepima nini kuthibitisha?

Wenye Noah wana tahadhari ya ziada. Zile za kuanzia mwaka 2007 zina giaboksi ya aina ya CVT, ambayo hutumia oili yake maalumu. Oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki ikimiminwa humo, giaboksi inaharibika, na bei yake inaweza kumrudisha mchuuzi kwenye daladala. Maelekezo mengi kwenye magari hayo yameandikwa kwa Kijapani, hivyo kukisia kwa rangi ya oili kumekuwa jambo la kawaida. Namba ya chesisi ndiyo ya kutegemea. Ipelekwe dukani pia wakati wa kununua kipuri chochote, badala ya kuomba "spea ya Noah" kana kwamba Noah ni moja.

Mapatano kabla ya spana

Kuna mambo machache ya kukubaliana kabla kazi haijaanza. Uchunguzi una bei gani. Ufundi una bei gani, ukiwa umetenganishwa na spea. Spea kuukuu zirudishwe kwa mwenye gari, zote, hata kama ni za kutupa. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe dukani, kwa kuwa kipuri feki kisicho na risiti hakina pa kulalamikiwa, hata mlalamikaji akienda Tume ya Ushindani.

Kwa upande mwingine, kubana matumizi kuna mipaka yake. Giaboksi ikishateremshwa kwa ajili ya klachi, kubadilisha pleti peke yake na kuacha beringi ya zamani ni kununua kazi ile ile mara mbili, kwani ufundi wa kuishusha tena utalipwa upya. Ndivyo ilivyo kwa mkanda wa taimingi na beringi inayoukaza. Spea ya mtumba inafaa kwa taa, mlango, stata, pengine hata giaboksi. Pedi za breki, mikanda, sili na pleti ya klachi havinunuliwi vya mtumba hata viwe vinang'aa.

Fundi wa kumtegemea hana lazima awe na jengo kubwa. VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mtaani kwa miaka mingi, wengine wakiwa walianza kama spana boi. Cheti hicho ni dalili nzuri. Dalili nzuri zaidi ni fundi anayesema "sijajua, niachie hadi jioni".

Fedha ipo lini?

Kwa mkulima, kikwazo kikubwa huenda kisiwe kiasi cha fedha bali wakati wake. Gari linahitaji matengenezo kabla ya mavuno, na fedha hupatikana baada ya mavuno. Kwa hiyo huingia msimuni likiwa bovu, hufia njiani wakati wa kazi, hutengenezwa kwa mkopo wa haraka na kwa bei ya aliyekwama. Mzigo ukishauzwa na fedha ikapatikana, gari "limeshapona" na fedha inakwenda kwingine.

Utaratibu wenye nafuu ni kulifanyia matengenezo makubwa mwishoni mwa msimu, fedha ikiwa bado mkononi, ingawa linaonekana zima. Mikanda, mipira ya maji, klachi iliyokaribia na taimingi, ambayo kwa injini nyingi za dizeli za Toyota za zamani hubadilishwa yapata kila kilometa 100,000, vishughulikiwe wakati huo, tena kwa kuchagua duka na fundi bila haraka. Vikundi vya VICOBA na SACCOS vinaweza kuwa na mfuko wa dharura wa magari ya wanachama, wenye riba ndogo, badala ya kila mmoja kukimbilia mkopeshaji wa mtaani gari likiwa limekwama.

Daftari ni la lazima. Liandikwe kilometa, lita na kila shilingi ya gereji. Tangi likijazwa hadi juu, kilometa zikaandikwa, kisha likajazwa tena, ulaji wa mafuta unajulikana bila ubishi. Ukipanda ghafla wakati mzigo na njia ni vile vile, gari limeanza kuumwa kabla halijatoa sauti.

Daftari hilo hilo litajibu swali ambalo wengi hawapendi kulisikia, kwa sababu gari kijijini ni heshima pia. Baada ya msimu, gharama zote za gari zigawanywe kwa idadi ya safari. Tuseme mafuta, gereji, bima, dereva na kupungua kwa thamani ya gari vimefika Sh 9,600,000 kwa safari 24. Kila safari imegharimu Sh 400,000. Kama Canter ya kukodi kwa njia hiyo ingechukua Sh 350,000, mwenye gari amelipa Sh 1,200,000 zaidi kwa mwaka ili awe na lake mwenyewe. Akiweza kupata mizigo ya wengine na kufikisha safari 40, huku mafuta na uchakavu vikiongezeka na kufikisha jumla ya Sh 13,000,000, kila safari inashuka hadi Sh 325,000 na gari linaanza kulipa. Asipoweza, Canter hiyo iuzwe ikiwa bado inawaka, kwani mnunuzi wa gari lililofunguliwa injini gereji hutaja bei yake mwenyewe.